Maji ya Oktoba: mradi wa kila kijiji au mradi mmoja wa pamoja?

Swali: Mhandisi, shikamoo. Mimi ni katibu wa kamati ya maji katika kijiji kilicho kwenye miteremko ya Uporoto inayoangalia bonde la Usangu. Tuna bomba la mserereko, yaani maji hushuka yenyewe bila pampu, lililojengwa mwaka 1984. Kuanzia Septemba hadi mvua zinapoanza Novemba maji hutoka kwa shida au hayatoki kabisa, ingawa huku kwetu mvua ni nyingi. Sasa vijiji vitatu vilivyo chini yetu vinataka tuungane tujenge mradi mmoja wa vijiji vinne, vyenye watu 8,600 kwa jumla. Wazee wetu wanakataa, wanasema chanzo kiko kwetu na tutanyang'anywa. Fundi alipima chemchemi mwezi Machi, ndoo ya lita 20 ikajaa kwa sekunde 3, akasema maji yanatosha vijiji vyote. Mimi nilipima Oktoba iliyopita nikapata sekunde 9. Kila kaya huchangia shilingi 1,000 kwa mwezi, lakini nusu hawalipi. Je, tujenge wa kwetu peke yetu au wa pamoja? Na lile bomba la zamani tulifanyeje?

Jibu: Marahaba, ndugu katibu, na nakushukuru kwa barua yenye vipimo ndani yake. Katika yote uliyoyaeleza, chenye thamani kuliko vingine ni zile sekunde 9 ulizozipata mwezi Oktoba, na jibu langu lote litasimama juu yake, kwa sababu mradi wa maji katika nyanda zetu hizi huamuliwa na mwezi mkavu kuliko yote, wala si na mwezi ambao kila korongo linatiririka.

Tufanye hesabu pamoja. Ndoo ya lita 20 inayojaa kwa sekunde 3 ni mtiririko wa lita 6.7 kwa sekunde, yaani takribani lita 576,000 kwa siku. Ndoo hiyohiyo ikijaa kwa sekunde 9 ni lita 2.2 kwa sekunde, yaani takribani lita 192,000 kwa siku. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 iliweka kiwango cha chini cha huduma vijijini kuwa lita 25 kwa kila mtu kwa siku, zipatikane katika kituo kisichozidi mita 400 kutoka nyumbani, na kituo kimoja kihudumie watu 250. Kwa watu 8,600 kiwango hicho ni lita 215,000 kwa siku, kabla hatujagusa shule, zahanati wala mifugo. Chemchemi yenu ya Oktoba, basi, haiwatoshi watu hao hata leo.

Na mradi haujengwi kwa ajili ya leo. Kati ya sensa ya 2012 na ile ya 2022 idadi ya watu nchini iliongezeka kwa wastani wa asilimia 3.2 kila mwaka. Tukikadiria asilimia 3 kwa vijiji vyenu, watu 8,600 watakuwa takribani 15,500 baada ya miaka 20, nao watahitaji karibu lita 387,000 kwa siku. Kwa kuwa hakuna mtandao wa mabomba usiovuja, tukikubali kwamba moja ya tano ya maji itapotea njiani, chanzo kitapaswa kutoa takribani lita 484,000 kwa siku, sawa na lita 5.6 kwa sekunde. Hapo utaona kwamba fundi wenu hakuwadanganya: kwa kipimo cha Machi, mahitaji ya miaka 20 ijayo yanatoshelezwa na maji yanabaki. Kosa lake ni kupima mwezi ambao chemchemi imeshiba na kuuchukua mwezi huo kuwa mwaka mzima.

Kosa hilo nalifahamu kwa sababu nimewahi kulishiriki. Nilipokuwa bado kijana kazini, nilikuwa katika timu iliyokwenda kupima kijito kimoja cha milimani mwezi Aprili, kwa kuwa fedha za safari zilitoka mwezi huo na ripoti ilitakiwa kabla ya Juni. Tulipima vizuri, kwa uangalifu, tukaandika tarakimu sahihi za siku ile. Bomba lilijengwa, likazinduliwa kwa ngoma, na mwaka uliofuata, mwezi wa kumi, akina mama wa vijiji viwili vya mwisho walikuwa wamerudi kuchota kwenye madimbwi ya mtoni huku vituo vipya vikiwa vimesimama vikavu barabarani. Tangu hapo sijaweka saini kwenye usanifu wa mradi usio na kipimo cha Septemba, Oktoba au mapema Novemba, na ninapoweza nadai vipimo vya miaka mitatu mfululizo, kwa maana mwaka mmoja unaweza kuwa wa neema na mwingine wa ukame.

Pengine unajiuliza kwa nini mahali penye mvua nyingi pakauke. Nyanda za juu kusini zina msimu mmoja wa mvua, unaoanza Novemba au Desemba na kwisha Aprili au Mei. Milimani mvua hiyo hufika milimita 1,500 kwa mwaka na pengine zaidi, wakati chini kwenye tambarare ya Usangu ni kati ya milimita 600 na 800 tu. Baada ya hapo kuna miezi sita ambayo mbingu haitoi kitu cha maana. Maji mnayokunywa mwezi Oktoba ni mvua ya Januari na Februari iliyozama ardhini, ikatembea polepole katika udongo na miamba, ikatokea kwenye chemchemi yenu. Kwa hiyo wingi wa mvua si kipimo cha wingi wa maji ya kiangazi. Kinachopima ni kiasi gani cha mvua hiyo kilipata nafasi ya kuzama badala ya kukimbia juu ya ardhi kikielekea Usangu siku hiyohiyo na udongo wenu mgongoni.

Ndiyo maana dakio la maji, yaani ile ardhi yote ambayo mvua yake huishia kwenye chanzo chenu, ni sehemu ya mradi kama lilivyo tangi au bomba. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye kingo za mito na maziwa. Mita hizo 60 zinajulikana kila kijiji, na karibu kila kijiji zimelimwa. Nenda ukaangalie kwa macho yako, halafu uandike: kuna milingoti (mikaratusi) mingapi juu na kando ya chemchemi, imepandwa na nani, na ina umri gani. Mlingoti ni mti wa fedha na sina ugomvi nao ukiwa mlimani mahali pakavu, ila kuupanda kwenye unyevu wa chanzo ni kuweka pampu isiyozimwa usiku wala mchana. Penye chanzo patakiwa mivengi na mikuyu na miti mingine ya asili ambayo wazee wenu wanaijua kwa majina kuliko mimi.

Kuhusu vinyungu, naomba msiwe wakali kupita kiasi. Bustani za bondeni za kiangazi ndizo zinazolisha kaya nyingi kati ya Agosti na Desemba, na anayeambiwa aondoke bila kupewa pa kwenda atarudi usiku. Nimeona mahali ambapo kamati ilikaa na wenye vinyungu, ikaweka mipaka kwa vigingi, ikawaachia sehemu ya chini ya chanzo na kuwataka waachane na sehemu ya juu, na mipaka hiyo ikaheshimiwa kwa sababu wenyewe walikuwapo ilipowekwa. Jambo jipya zaidi ni parachichi. Miche ya parachichi humwagiliwa kiangazi, tena katika miezi ileile ambayo chemchemi yenu iko chini kabisa. Kama kuna shamba lililovuta mpira kutoka juu ya chanzo chenu, sekunde 9 zako zinaweza kuwa zimechangiwa na mpira huo, nanyi mnapaswa kulijua kabla ya kumlaumu mtu au kulaumu mvua.

Sasa nakuja kwenye swali lenyewe, nami nalijibu waziwazi. Ungeni nguvu, jengeni mradi wa pamoja, lakini msiujenge juu ya chemchemi yenu peke yake.

Nieleze kwa nini. Kijiji chenu kikijenga peke yake kwa chemchemi hiyo, huenda mkapata maji ya kutosha kwa miaka kadhaa. Lakini vijiji vitatu vya chini havitaacha kunywa. Vitatafuta maji penginepo kwenye dakio hilohilo, kila kimoja na banio lake dogo, yaani kizuizi cha kuelekeza maji bombani au mferejini, kila kimoja na bomba lake jembamba, na baada ya muda kutakuwa na mabomba manne yanayonyonya mlima mmoja bila yeyote kujua jumla ya kinachochukuliwa. Mradi wa pamoja unawalazimisha kukaa meza moja na kuhesabu maji yote pamoja. Pia unawapa uwezo wa kutafuta chanzo cha pili kilicho imara zaidi, na kwa kawaida chanzo cha namna hiyo ni kijito cha kudumu kilichopokea chemchemi nyingi, ambacho kijiji kimoja hakiwezi kugharamia bomba lake. Kwa hesabu niliyotoa hapo juu, mnahitaji lita 5.6 kwa sekunde na mnazo 2.2. Pengo ni lita 3.4 kwa sekunde, na hilo ndilo la kumwambia meneja wa RUWASA (Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini) wa wilaya yenu mtakapokwenda kwake: mnatafuta kijito ambacho mwezi Oktoba kinaweza kutoa lita 3.4 kwa sekunde na bado kikaendelea kutiririka chini ya banio. Naongeza sharti hilo la mwisho kwa sababu kuna watu na mifugo chini yenu, na pia kwa sababu Sera ya 2002, baada ya kutanguliza maji ya mahitaji ya lazima ya binadamu, iliyataja mahitaji ya mazingira kuwa ya pili, mbele ya umwagiliaji na viwanda.

Hofu ya wazee wenu naiheshimu, kwa maana wameishi na chemchemi hiyo kabla yetu sote. Hata hivyo ni lazima waambiwe kwa upole kwamba kisheria maji hayo hayakuwa mali ya kijiji. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Namba 11 ya mwaka 2009 inasema maji yote ni ya umma, yakiwa chini ya Rais kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Kinachoweza kumilikiwa ni kibali cha kutumia kiasi fulani cha maji kwa shughuli fulani, na kwa upande wenu wa mlima kibali hicho hutolewa na Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, yenye makao yake Iringa. Mngekuwa upande wa pili wa safu hiyohiyo, ambako maji hushukia Ziwa Nyasa, mngekwenda kwenye ofisi ya bonde iliyoko Tukuyu. Na mngekuwa upande wa Songwe na Ziwa Rukwa mngekwenda Mbeya mjini. Hapo ndipo wazee wanapoweza kupata ulinzi wa kweli. Mradi usio na kibali ni mradi ambao mwenye fedha anaweza kuja kesho akaomba maji yaleyale na kupewa, kwa kuwa katika daftari la bonde hayo maji hayana mtu. Mradi wa vijiji vinne wenye kibali kilichoandikwa lita zake unalindwa na daftari hilo.

Katika makubaliano ya vijiji vinne andikeni mambo mawili kwa ajili ya kijiji cha chanzo. La kwanza, kwamba maji yakipungua, vijiji vyote vitapunguziwa kwa uwiano wa watu, wala kijiji cha juu hakitafungiwa ili cha chini kipate, wala cha juu hakitajifungulia chote. La pili, kwamba sehemu ya mapato ya mradi itakwenda kila mwaka kwenye utunzaji wa dakio, na fedha hiyo itumike kijijini kwenu, kwa miche, kwa vigingi na kwa posho ya walinzi wa chanzo. Kijiji kinachotunza mlima kwa niaba ya vinne kinastahili kulipwa kwa kazi hiyo, na sijaona sababu ya kuona haya kulisema.

Miradi ya pamoja si kitu kipya kwetu. Mwaka 1971 serikali ilianzisha mpango wa miaka 20 wa kuwafikishia wananchi wote wa vijijini maji ya karibu ifikapo 1991. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa msaada wa Denmark, ulitengenezwa mpango kamambe wa maji wa mikoa ya Iringa, Mbeya na Ruvuma, wakati Njombe ikiwa bado ndani ya Iringa na Songwe ndani ya Mbeya. Wanging'ombe walikuwa wameshaanza mradi wao mkubwa wa mserereko mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa msaada wa UNICEF, ukapeleka maji ya milimani kwenye vijiji vingi vya tambarare kavu, mbali sana na vyanzo vyake. Mabomba mengi ya umri wa lile la kwenu ni watoto wa kipindi hicho. Wasanifu wake walifanya kazi nzuri, na nimefukua viungio vya wakati ule nikavikuta bado vizima. Kilicholegea ni utunzaji. Kwa miaka mingi maji ya vijijini yalikuwa ya bure, fedha za matengenezo zilitegemewa kutoka juu, na zilipopungua hakukuwa na mtu kijijini mwenye wajibu wala mfuko wa kubadilisha hata koki. Sera ya Maji ya mwaka 1991 ndiyo iliyoanza kusema kwamba mtumiaji achangie, lakini mazoea ya miaka 20 hayaondoki kwa waraka.

Kwa hiyo ukubwa wa mradi usitazamwe kwa bomba peke yake. Maji yapangwe kwa ukubwa wa dakio, lakini uangalizi uwe mdogo kiasi kwamba mtu anayeona maji yakibubujika njiani saa 12 asubuhi anamjua kwa jina wa kumwita, na huyo akifika kabla ya saa 4 anakuwa na kipande cha bomba mkononi. Chini ya Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Namba 5 ya mwaka 2019, iliyoanzisha RUWASA, vijiji vyenu vinne vinaweza kuwa na chombo kimoja cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, chenye hesabu moja, benki moja na mafundi wa kuajiriwa. Ndani ya chombo hicho kila kijiji kiwe na mtu wake. Nasisitiza mafundi wa kuajiriwa, tena wasiopungua wawili, kwa sababu fundi wa kujitolea huenda shambani msimu wa kupanda, na ni haki yake.

Ugomvi mkubwa wa miradi ya mserereko ya vijiji vingi ni kwamba wa juu hufungua na wa chini hupata upepo. Dawa yake ni dira kubwa ya maji kwenye kila tawi linaloingia kijijini, isomwe kila Jumatatu na usomaji wake ubandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kijiji. Kijiji kikijua kwamba kimepitisha lita milioni moja na jirani yake mwenye watu wengi zaidi amepata laki nne, mazungumzo hubadilika kutoka kwenye tuhuma kwenda kwenye tarakimu. Dira hizo ni ghali, na wafadhili huzikata kwanza bajeti inapobana. Mkilazimika kukata kitu, kateni idadi ya vituo vya kuanzia, dira zibaki.

Fedha zenu kwa sasa haziwezi kuendesha chochote. Watu 8,600, kwa wastani wa watu 4.3 kwa kaya uliopatikana katika sensa ya 2022, ni kaya 2,000. Shilingi 1,000 kwa kaya, nusu wakilipa, ni shilingi milioni moja kwa mwezi kwa vijiji vyote vinne, na anayetumia ndoo mbili analipa sawa na anayefyatua tofali. Uzeni maji kwa ndoo au kwa dira. Mkiuza lita 120,000 kwa siku, ambazo ni ndoo 6,000, kwa shilingi 20 tu kwa ndoo, mtapata shilingi 120,000 kwa siku, yaani milioni 3.6 kwa mwezi. Mradi wa mserereko hauna bili ya umeme, hivyo kiasi hicho kinaweza kulipa mafundi wawili na wauza maji, kununua dawa ya klorini, ambayo ni ya lazima hasa mvua za kwanza zinapochafua chanzo, na kuacha akiba ya siku bomba kuu litakapopasuka. Wajane na wazee wasiojiweza watajwe kwa majina katika mkutano wa kijiji na wapewe maji bila malipo. Hao ni wachache na mradi unawabeba bila shida.

Ukitaka kuelewa kwa nini naushikilia mserereko, tazama miji yetu. Iringa iko juu ya kilima na mto wake, Ruaha Mdogo, uko bondeni, hivyo maji husafishwa huko Ndiuka na kusukumwa juu kwa pampu, na kila lita inayofika mjini imelipiwa umeme. Mbeya ilibarikiwa vijito vya safu ya milima iliyo nyuma yake, lakini jiji limekua kuliko vijito hivyo, na sasa kazi ya kuleta maji ya Mto Kiwira inamaanisha kuyatoa katika bonde la Ziwa Nyasa na kuyapeleka kwenye jiji ambalo sehemu kubwa ya maji yake hushukia upande wa Rukwa. Mji ukishapoteza chanzo cha karibu, cha pili huwa mbali zaidi na ghali zaidi. Nyinyi bado mnacho cha karibu.

Kuna jambo moja ambalo watu wa milimani huambiwa mara kwa mara na linawaumiza bila haki, nalo ni kwamba wao ndio wanaokausha Ruaha. Mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikatika kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na madhara yake yanaonekana kuanzia Ihefu hadi Mtera na Kidatu, ambako maji hayo huzalisha umeme. Lakini tazama uwiano. Hekta moja ya mpunga hutumia takribani mita za ujazo 10,000 za maji kwa msimu. Kiasi hicho kingewapa watu karibu 1,100 lita 25 kila siku kwa mwaka mzima. Vijiji vyenu vinne vyote, kwa mwaka, vinahitaji maji ya kunywa yasiyozidi yale ya hekta nane za mpunga, na Usangu ina mpunga wa makumi ya maelfu ya hekta.

Wala simlaumu mkulima wa mpunga, kwa kuwa wali wa Mbeya unalisha nchi. Tatizo kubwa liko kwenye mabanio. Banio la zamani la miti, mawe na nyasi lilivuja, na mafuriko yalilichukua kila mwaka, hivyo mto haukuwahi kuzibwa kabisa. Mabanio ya zege yaliyokuja baadaye, yakiwa na malango ya chuma, yana uwezo wa kugeuza mto mzima wakati wa maji machache, na lango likiachwa wazi baada ya mavuno, maji huendelea kuingia mferejini yakienda kwenye mashamba matupu, vitongoji na uvukizi. Nakueleza haya ili kamati yenu, mtakapoitwa kwenye mkutano wa jumuiya ya watumia maji wa mto wenu, mwende na hesabu zenu mkononi na kudai mambo mawili: kwamba maji ya kunywa ya vijiji yatengwe kwanza, na kwamba kila banio la chini liwe na kipimo na tarehe ya kufungwa. Mkiwa vijiji vinne chini ya kibali kimoja mtasikilizwa zaidi kuliko kijiji kimoja.

Katika usanifu nina mawili tu ya kukumbusha. Mlima ni nguvu na ni hatari pia. Kila mita 10 za kushuka huongeza mgandamizo wa bar 1, hivyo bomba linaloshuka mita 180 bila kituo hubeba bar 18 maji yanapofungwa chini, wakati bomba la daraja la kawaida limetengenezwa kwa bar 10. Dai matangi ya kupunguzia mgandamizo njiani, na uyaone kwenye mchoro kabla ya kusaini. La pili ni tangi la kuhifadhia. Kwa saa 10 za usiku, hata chemchemi ya Oktoba hutoa lita 80,000 ambazo sasa zinapita bila kuchotwa. Tangi la lita 100,000 litazikamata zote, na litawapa vijiji asubuhi yenye maji. Tangi hilo linasawazisha usiku na mchana tu. Halitoi maji ya Machi yakanywewa Oktoba, na anayewaambia hivyo asiaminiwe.

Limebaki bomba la mwaka 1984. Msiling'oe na msilidharau kabla ya kulipima. Chagueni usiku mmoja, watu wote watangaziwe, mfunge vituo vyote kuanzia saa 6 usiku hadi saa 9. Fungeni pia maji yanayoingia kwenye tangi, lakini bomba la kutokea liachwe wazi, kisha mpime kwa fimbo maji yameshuka kiasi gani ndani ya saa hizo tatu. Yakishuka kwa lita 9,000, mnapoteza lita 3,000 kwa saa, yaani lita 72,000 kwa siku, ambazo ni zaidi ya theluthi moja ya maji yote mliyonayo Oktoba. Rudieni usiku mwingine mkifunga tawi moja baada ya jingine, nanyi mtajua uvujaji uko wapi. Vipande vilivyo vizima vitumike kama mabomba ya kusambazia ndani ya kijiji chenu, ambako mgandamizo ni mdogo, na vilivyooza ndivyo vibadilishwe. Fanyeni jaribio hilo mwaka huu, na katika wiki ileile urudie kipimo chako cha ndoo pale chemchemini, mara tatu asubuhi na mara tatu jioni, uandike tarehe na saa. Karatasi hizo mbili ndizo za kwanza kumwekea mezani meneja wa RUWASA na afisa wa bonde, kabla ya barua ya maombi.